Walikataa kuhama, ardhi ikahama

Kila ifikapo Januari 31 humkumbuka mtu ambaye sikuwahi kumwona, wa nchi ambayo najua sitaifika. Jina lake ni Hammer DeRoburt, rais wa kwanza wa Nauru, kisiwa chenye kilometa za mraba 21 tu katika Bahari ya Pasifiki. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kukizunguka kwa nusu siku.

Najua msomaji atauliza: mwalimu wa Rumonge ana habari gani na kisiwa hicho? Naomba subira.

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa na kusoma ukimbizini, katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Siku moja mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akitufundisha habari za fosfeti, lile jiwe linalotengenezewa mbolea. Alitaja Minjingu, kaskazini mwa Tanzania. Kisha akasema kuna kisiwa ambacho karibu chote ni fosfeti, na kwamba wenyeji wake wengi waliwahi kuchukuliwa wakapelekwa mbali, na wengine hawakurudi. Darasa lilinyamaza kimya. Sisi sote tulikuwa watoto wa watu waliokuwa wakisema “tutarudi.”

Nilipokuwa mtu mzima niliitafuta habari ile na kuisoma vizuri.

Wazungu waligundua fosfeti ya Nauru mwaka 1900, kisiwa kikiwa chini ya Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza uchimbaji ukawa mikononi mwa Uingereza, Australia na New Zealand kwa pamoja, na Australia ndiyo iliyotawala. Mashamba ya nchi hizo yakanona kwa udongo wa Nauru, na wenye udongo wakapewa makombo.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, Wajapani walikiteka kisiwa mwaka 1942. Mwaka uliofuata waliwapakia Wanauru 1,200 kwenye meli na kuwapeleka visiwa vya Truk, umbali wa kilometa zipatazo 1,600, wakafanyishwe kazi. DeRoburt, kijana aliyekuwa amesoma Australia, alikuwa miongoni mwao. Njaa, maradhi na mabomu viliwamaliza. Januari 31, 1946 meli iliwarudisha 737. Wengine 463 walibaki kwenye udongo wa ugenini.

Aliporudi, DeRoburt alifanya kazi ya ualimu. Hapo ndipo aliponiteka moyo. Mwaka 1955 alichaguliwa kuingia Baraza la Serikali za Mitaa la Nauru, na mwaka uliofuata akawa Chifu Mkuu. Hakuwa na jeshi, na watu wake wote wangeweza kukaa katika tarafa moja ya kwetu. Silaha yake ilikuwa hoja, na subira ya mtu aliyezoea kusahihisha daftari.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Australia iliona kwamba fosfeti ikiisha kisiwa hakitakalika, ikapendekeza Wanauru wote wahamishiwe kisiwa cha Curtis, karibu na pwani ya Queensland. Wangepewa nyumba na uraia wa Australia. DeRoburt alikuwa tayari kuzungumza, lakini kwa sharti moja: huko waendako wawe taifa, wajitawale. Australia ilikataa sharti hilo, na mwaka 1964 Wanauru wakaikataa ofa yenyewe.

Ndugu msomaji, aliyewahi kuishi ukimbizini anajua uzito wa uamuzi ule. Hata sisi tuliambiwa kuna pengine pa kuishi, tena pengine pazuri. Wenzetu wengi walichukua uraia wa Tanzania, nao siwalaumu hata kidogo, kwa maana Tanzania ilitulea. Lakini kukataa nyumba nzuri kwa sababu haina jina lako si jambo la mzaha, na watu wachache kama wale walilikataa mbele ya dola kubwa.

Baada ya hapo DeRoburt alidai mambo mawili: uhuru na mgodi. Akapata vyote. Katika mapatano ya mwaka 1967 Nauru ilikubali kununua mali za kampuni ya fosfeti kwa dola za Australia milioni 21, na mwaka 1970 shirika lake yenyewe likashika uchimbaji. Uhuru ulitangazwa Januari 31, 1968. Tarehe hiyo ilichaguliwa makusudi, ni siku ile ile waliyorudi kutoka Truk. Bunge lenye viti 18 likamchagua awe rais.

Kama maisha yake yangeishia hapo, makala haya yangekuwa ya sifa tupu. Lakini mkataa pema pabaya panamwita, na hata aliyekataa pabaya anaweza kupaharibu pema kwa mkono wake.

Mgodi ulipokuwa wa wageni, DeRoburt alilalamika kwamba kisiwa kinaliwa. Ulipokuwa wake, kisiwa kiliendelea kuliwa, tena kwa kasi. Fedha zikamiminika. Wananchi hawakutozwa kodi ya mapato, matibabu na shule vikawa bure. Serikali ikajenga jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne, lililomalizika mwaka 1977, ikaanzisha shirika la ndege lililoruka huku na huko Pasifiki na kula hasara. Sehemu ya mapato iliwekwa katika mfuko wa amana kwa ajili ya siku ambayo fosfeti ingekwisha. Wazo lilikuwa jema sana. Kilichokosekana ni watu wa kuulinza mfuko ule na kuuliza maswali.

Nani angeuliza? Nchi ilikuwa ndogo, karibu kila mtu ni ndugu, na rais ndiye baba wa uhuru. Aliondolewa madarakani mwishoni mwa 1976, nafasi yake ikachukuliwa na Bernard Dowiyogo. Mei 1978 akarudi. Mwaka 1986 Kennan Adeang alimtoa mara mbili, na mara zote mbili kwa siku chache tu, kwani DeRoburt alirejea. Agosti 1989 kura ya kutokuwa na imani ikamwangusha, na safari hiyo hakurudi tena kwenye kiti. Siasa za Nauru zilikuwa zimegeuka mchezo wa nani aketi, na shimo lilikuwa likiongezeka kila siku.

Haki yake nimpe. Mei 1989, miezi michache kabla ya kuangushwa, serikali yake iliishitaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ikidai ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru irekebishwe. Juni 26, 1992 mahakama ilitupa sehemu kubwa ya pingamizi za Australia na kuruhusu kesi iendelee. DeRoburt alifariki Melbourne Julai 15 mwaka huo huo, haijatimia hata wiki ya tatu. Mwaka 1993 Australia ilikubali nje ya mahakama kulipa dola zake milioni 107.

Lakini tazama hesabu. Katika kesi ile Nauru ilidai fidia ya theluthi moja ya kisiwa, iliyochimbwa kabla ya Julai 1967. Leo karibu asilimia 80 ya kisiwa imekwisha kuchimbwa, imebaki miamba iliyochongoka isiyoota hata muhogo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya uharibifu ilifanyika bendera ya Nauru ikipepea. Wa kumshitaki kwa hiyo hayupo.

Mfuko wa amana nao uliyeyuka. Jumba la Melbourne liliuzwa mwaka 2004. Desemba 2005 ndege ya mwisho ilichukuliwa na wadai. Kuanzia mwaka 2001 Australia iliwalipa Wanauru ili wawaweke kisiwani watu walioomba hifadhi kwake. Watoto wa wale waliokataa kuhamishiwa kisiwa cha Australia wakawa walinzi wa wakimbizi wa Australia. Mimi niliyekulia makazi ya wakimbizi siwezi kulisoma hilo bila kufunga kitabu kidogo.

Nilirudi Burundi mwaka 2008. Kwenye shamba la baba tulikuta familia nyingine, nayo ilikuwa imeambiwa ni pake kihalali. Tuligombana, tukapatanishwa, tukagawana. Kwa miezi mingi nilidhani kurudi kumekamilika siku niliyokanyaga mpaka. Kumbe kazi ilikuwa inaanza: je, kipande hiki tutakirithisha kikiwa na rutuba, au tutakikamua sisi wenyewe kwa kuwa tulikisubiri muda mrefu?

Swali hilo ni la taifa pia. Tuna nikeli ya Musongati ambayo imesubiriwa miaka mingi. Wenzangu wengi wanasema tatizo ni wageni tu, tukishika wenyewe mambo yatanyooka. Nami nasema mgodi uwe wetu, naam, hilo halina mjadala. Ila DeRoburt alifika hapo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Alishinda vita ile, akashindwa iliyofuata, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa nguvu ya kumwambia: Mzee, tuoneshe daftari.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama mtu huyu alikuwa shujaa. Nilimjibu kwamba alikuwa shujaa hadi mwaka 1970, na kwamba baada ya hapo alihitaji bunge lenye meno kuliko alivyohitaji makofi. Sisi watu wa kurudi tuna udhaifu huo. Anayetufikisha nyumbani tunaona haya kumhoji, tunadhani ni utovu wa shukrani.

Tumshukuru kila aliyetufikisha, kisha tumwombe mahesabu siku hiyo hiyo. Na mahesabu hayo yabandikwe pale ambapo hata mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyasoma.