Baleti ya Harlem na Rangi ya Soksi

Wako wanaoshikilia kwamba baleti ni mchezo wa Wazungu, na kwamba mtu mweusi anayeucheza ameitupa asili yake. Mimi sikubaliani nao. Shahidi wangu ni kikundi cha Dance Theatre of Harlem cha mjini New York, Marekani.

Kilianzishwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968. Mitchell alikuwa amekwisha kupata sifa katika New York City Ballet, lakini aliona ni wajibu wake kuwafundisha watoto wa Harlem, alikozaliwa.

Hakuzikataa sheria za baleti. Alichokataa ni kumficha mchezaji. Desturi ilidai soksi na viatu vya rangi ya waridi. Yeye akataka vifanane na ngozi ya kila mmoja. Mwaka 1984 kikundi kiliihamisha hadithi ya Giselle kutoka Ulaya hadi Louisiana, miongoni mwa watu weusi walio huru.

Hata hivyo, sifa hazilipi mishahara. Madeni yalikisimamisha kikundi mwaka 2004, na hakikufufuka hadi mwaka 2012.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Sanaa ni mali ya anayeitumikia, lakini mtumishi naye lazima ale. Tusipowalipa wachezaji wetu, wawe wa sengenya au wa baleti, tusilalamike jukwaa likibaki tupu.