Meno Mapya, Mashine ya Zamani



Naomba nafasi katika gazeti letu nizungumze na wenzangu wa karakana za mbao, wa reli na wa kwingineko, juu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Jambo lenyewe ni misumeno na visu vyenye meno ya kabaidi. Wengi wetu tumeletewa vyombo hivi, tukaambiwa, "Haya, fanyeni kazi," na basi. Hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kuvitumia.

Kwanza tusichanganye maneno. Kabaidi ninayoitaja si lile jiwe la kijivu linalotiwa maji likatoa gesi ya kuchomelea vyuma. Lile hutokana na chokaa. Hii ya meno ya msumeno ni mchanganyiko wa madini yaitwayo tangsteni na kaboni, unaosagwa kuwa unga, ukachanganywa na kobalti kidogo kama gundi, ukashindiliwa na kuokwa kwa moto wa digrii 1400 hivi. Wajerumani waliivumbua mwaka 1923, walipotafuta kitu cha kuvutia nyuzi nyembamba za taa za umeme badala ya almasi, ambayo ni ya bei kali. Mwaka 1926 kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza kwa jina la Widia, maana yake "kama almasi". Jina hilo si la uongo. Kwa ugumu, chuma cha kawaida hakioni ndani.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Mwaka jana nilikuwa nikipasua mbao zilizotolewa katika behewa kuukuu. Ni mvule mzuri, na mkubwa wa kazi alitaka utumike tena kwa viti. Msumeno ulikuwa mpya, wa meno ya kabaidi. Ndani ya ubao mmoja palikuwa na msumari uliokatika kichwa, umefunikwa na rangi ya zamani. Nilisikia mlio kama wa risasi. Kipande cha jino kilipita karibu na sikio langu kikaingia katika ukuta wa mbao nyuma yangu, na tulikitoa kwa patasi. Miwani sikuwa nayo, kwa sababu stoo ilikuwa haina. Kifuniko cha msumeno hakikuwapo pia, na hilo nitalisema baadaye kwa kuwa aibu yake ni yangu.

Msimamizi alipofika hakuuliza kama nimeumia. Aliutazama msumeno, akaandika "uzembe", akasema gharama itakatwa katika mshahara wangu. Basi nikauliza, nikasoma, nikawaendea mafundi wazee wanaojua. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kabaidi ni ngumu sana, lakini ni kama kigae cha sufuria ya udongo. Chuma kikigongwa hupinda, kabaidi ikigongwa huvunjika. Msumari, parafujo, mawe ya ballasti yaliyonasa katika mataruma ya zamani, vyote ni adui zake. Hata mvule wenyewe una hila, maana ndani yake mara nyingi mna vipande vigumu kama jiwe, ambavyo mti wenyewe ulivitengeneza ulipokuwa hai. Ndiyo sababu msumeno wa chuma ulikuwa ukiisha makali kabla ya saa sita mchana tukipasua mvule, na ndiyo sababu kabaidi imetusaidia, maana hukaa na makali mara nyingi zaidi. Sisemi turudi nyuma. Nasema mtu akikuletea farasi badala ya punda, akuletee na hatamu.

Tena kuna mwendo. Msumeno wa upana wa milimita 300 unaozunguka mara 4000 kwa dakika, meno yake huenda karibu mita 63 kwa sekunde. Kwa hesabu ya watu wa reli, hizo ni kilomita 226 kwa saa. Treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza mwaka 2017, mwendo wake wa juu ni kilomita 120. Basi jino likitoka, linatoka na mwendo unaokaribia kuwa mara mbili ya ule wa treni. Juu ya kila msumeno wa kabaidi ulio halali pameandikwa idadi ya mizunguko usiyopaswa kuipita. Je, ni wangapi kati yetu wanajua mashine yao inazunguka mara ngapi? Puli ikibadilishwa na fundi wa umeme, au ukifungwa msumeno mkubwa kuliko ule wa kwanza, hesabu yote imebadilika, na hakuna aliyeambiwa.

Jambo la tatu ni lile bapa la chuma linalosimama nyuma ya msumeno, linalozuia mbao isiubane. Bapa hilo lazima liwe nene kuliko bamba la msumeno, lakini jembamba kuliko njia inayokatwa na meno, na likae karibu, lisizidi milimita 8 kutoka kwenye meno. Sasa, misumeno mipya ina vipimo vyake. Ukifunga msumeno mpya ukaacha bapa la zamani, moja kati ya mawili litatokea: bapa ni nene, mbao inakwama na fundi analing'oa kwa hasira, au ni jembamba mno, mbao inaubana msumeno na kurudi nyuma kama teke la punda. Katika karakana nyingi nilizozitembelea bapa hilo halipo kabisa. Linatunza kutu chini ya meza.

Jambo la nne ni vumbi, nalo ndilo linaloua polepole bila kelele. Vumbi la mbao, hasa la mbao ngumu, huleta saratani ya pua. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa kimataifa wa saratani walioko Lyon, Ufaransa, wameliweka katika daraja la kwanza, yaani la vitu ambavyo hakuna shaka kuwa vinaleta saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha macho na kifua, na kila mmoja wetu anajua. Lakini liko vumbi jingine la hatari tusilolijua, nalo ni la kunoa kabaidi yenyewe. Jino likinolewa kwenye jiwe, unga wa tangsteni na kobalti huruka hewani. Mafundi wanaouvuta kwa miaka hupata kikohozi kikavu na pumzi fupi, na mapafu yao hukauka yasipone. Mwaka 2006 wataalamu wale wale walisema kobalti pamoja na kabaidi ya tangsteni yaelekea kuleta saratani. Ukiona fundi wa kunoa anakohoa siku za kazi, akienda likizo anapata nafuu, akirudi anakohoa tena, usimwambie ni baridi. Mpeleke kwa daktari, na mweleze daktari kazi anayoifanya.

Shuleni, kwa wamisheni, mwalimu wetu wa useremala alitufundisha kunoa randa kwa jiwe na mafuta. Alisema fundi ajulikana kwa makali ya chombo chake. Lakini kunoa kule hakufai hapa. Tupa haiingii. Jiwe la kawaida la kijivu, la kunolea patasi, halikati kabaidi bali huipasha moto na kuipasua. Yatakiwa jiwe la almasi, au lile la kijani, tena penye maji au feni ya kufyonza vumbi. Na jino lenye moto usilitumbukize katika maji ya baridi kama ufanyavyo patasi, maana litapata nyufa usizoziona, nalo litaruka siku nyingine, pengine mkononi mwa mwenzako wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hata chama hakijasema neno, sisi wenyewe tuyashike haya:

1. Ubao uliokwisha kutumika uchunguzwe kwanza. Tafuta misumari kwa macho, kwa mkono na kwa sumaku. Ukiwa na shaka, usitumie msumeno wa kabaidi.

2. Kila asubuhi, umeme ukiwa umezimwa na swichi imefungwa, tazama meno moja moja. Jino moja likiwa limepungua au lina ufa, msumeno huo ushuke.

3. Msumeno usiuweke juu ya sakafu ya saruji wala juu ya meza ya chuma. Usipange misumeno moja juu ya mwingine bila karatasi ngumu kati yake.

4. Usiusimamishe msumeno kwa kuubana ubavuni kwa kipande cha mti. Ngoja usimame wenyewe.

5. Usisukume kwa pupa, wala usichelewe mno. Msumeno unaosugua bila kukata hupata moto na kuisha makali.

6. Mwisho wa ubao, zile milimita 300 za mwisho, tumia kijiti cha kusukumia. Kijiti huchongwa kwa dakika tano, lakini kidole hakichongwi.

7. Usivae glavu wala mikono mirefu ya shati iliyolegea mbele ya chombo kinachozunguka. Miwani, kinga ya masikio na ya pua ndizo za kuvaa.

8. Kwa mashine ya kuchonga kingo za mbao, ukisukuma kwa mkono, tumia kichwa cha visu kilichoandikwa MAN tu. Kilichoandikwa MEC ni cha mashine inayojisukumia mbao yenyewe.

Sasa nirudi kwa kifuniko kile. Mimi ndiye niliyekiondoa. Niliona kinanichelewesha, na hesabu ya mbao za siku ilikuwa kubwa. Wengi wenu mnajua ninavyosema, na wengi mmefanya hivyo hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi atumie kinga alizowekewa. Tukiziondoa sisi wenyewe, tunampa mwajiri fimbo ya kutupiga. Siku ile msimamizi alipoandika "uzembe", nusu ya neno hilo nilikuwa nimempa mimi.

Lakini nusu tu. Nani aliyepanga hesabu ya mbao ambayo haiwezekani kutimizwa kifuniko kikiwapo? Nani aliyeleta meno mapya bila kubadilisha bapa, bila feni ya vumbi, bila miwani katika stoo, bila hata siku moja ya mafunzo? Sheria hiyo hiyo inasema kufundisha, kusimamia na kuweka mashine katika hali ya salama ni wajibu wa mwenye kazi. Inasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, naye asilazimishwe kurudi pale mpaka hatari irekebishwe. Hayo si maombi. Tangu mwaka 1959 nchi hii imekuwa na kanuni za mashine za mbao. Si jambo la jana.

Na juu ya kukatwa mshahara, kila mwanachama alijue hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa kosa la makusudi. Msumari uliofichwa na rangi tangu enzi za babu zetu si makusudi ya mtu. Nilimwendea mwakilishi wetu wa karakana, akaandika barua ya mistari sita, na fedha zangu hazikukatwa. Mwenzangu wa upande wa pili, ambaye mambo kama hayo yalimpata kabla yangu, hakumwendea mtu. Alilipa kimya kimya kwa miezi mitatu.

Basi maoni yangu ni haya. Chama kisipinge vyombo vipya, maana mtu anayepinga makali atabaki na butu. Lakini kisikubali chombo kipya kiingie karakana peke yake. Kila msumeno wa kabaidi uingie pamoja na bapa lake, kifuniko chake, feni ya vumbi na siku ya mafunzo. Kazi ya kunoa ipelekwe kwa fundi mwenye jiwe lifaalo na kinga, si kwa kijana wa kufagia katika kona isiyo na dirisha. Hesabu ya mbao za siku ipimwe upya, kinga zote zikiwa mahali pake. Na neno "uzembe" lisiandikwe juu ya mtu kabla kamati ya usalama haijaitazama mashine.

Nawaomba makatibu wa matawi walete jambo hili katika mkutano ujao. Nami nitaleta kile kipande cha jino. Nimekiweka katika kiberiti. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na nataka kila mmoja akishike mkononi kabla ya kupiga kura.

Wenu katika chama,
Fundi Seremala, Karakana ya Mabehewa