MSAADA NI MALI YA WALIOPATWA NA MAAFA, SI YA MWENYE UFUNGUO!



Katika mkutano mkuu ujao litaletwa pendekezo la kuvunja kamati ya ghala la misaada. Eti kazi yote apewe mtu mmoja, atunze ufunguo na agawe mwenyewe. Wenye pendekezo wanasema kamati inachelewesha mambo, tena kusoma hesabu mbele za watu ni kuwavunjia heshima viongozi. Sisi tunapinga.

Tukumbuke Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4, huku kwetu Kilwa tulipata upepo, mvua na mafuriko. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika pale Somanga, magari yakakwama. Hivi, siku zile za mwanzo nani alitulisha? Ni majirani wa vijiji vya juu ambao nyumba zao zilisalimika. Walileta muhogo mkavu, mahindi, makuti, sufuria na kanga. Wengine walibeba kichwani, wengine kwa baiskeli. Hawakuwa matajiri wale. Mama aliyetoa kibaba cha mahindi alikitoa kwenye chungu cha wanawe.

Kibaba kile hakikuwa cha mwenyekiti, wala cha karani, wala cha chama. Kilikuwa cha yule aliyelala nje na watoto. Sisi wengine tulikuwa wapagazi tu. Na mpagazi hudaiwa hesabu!

Kamati ilifanya nini? Ilipita nyumba kwa nyumba na viongozi wa vitongoji, ikaandika nani kaangukiwa na nyumba, nani ana mgonjwa, nani ana mtoto mchanga. Kilichoingia kiliandikwa. Kilichotoka kilitiwa sahihi au dole gumba. Pishi ilikuwa moja kwa wote, awe shemeji wa mkubwa au mjane asiye na mtu. Jioni daftari likasomwa chini ya mwembe.

Wanasema inachelewesha. Kweli, siku ya kwanza kuandika kulichukua muda. Lakini bila orodha, nyumba moja hupata mara tatu na nyingine haipati kabisa, kisha kutwa nzima inakwisha kwa ugomvi. Tena ni daftari hilohilo lililotuonyesha kwamba nguo zimerundikana, lakini sabuni na vyandarua hakuna. Tukawaambia majirani, wakaleta vinavyotakiwa.

Wanasema ni kuvunja heshima. Jamani! Msimu wa korosho, nani kati yetu anakubali gunia lake lipimwe mlango umefungwa? Kila mtu anasimama mbele ya mizani na macho kodo, na karani hasemi katukanwa. Iweje korosho zihesabiwe hadharani, halafu unga wa yatima ugawiwe gizani? Kiongozi safi haogopi daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na wasituambie kimbunga kimeshapita. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Aprili 2024, kabla ya Hidaya, wenzetu wa Rufiji na Kibiti walikuwa tayari wamezungukwa na maji. Jirani aliyetoa jana akisikia kitu chake kiliuzwa dukani, kesho hatatoa tena. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko gunia lolote.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kamati ibaki, wake kwa waume, na kila kitongoji kiwe na mtu wake.
2. Ghala liwe na kufuli tatu, funguo zishikwe na watu watatu wasio ndugu.
3. Daftari lisomwe hadharani kila siku ya mgao, na nakala ibandikwe hapa ukutani.

Njooni mkutanoni, msibaki majumbani mkanong'ona. Atakayenyamaza siku hiyo, asije kulalamika siku ya mgao.

Kamati ya Gazeti la Ukutani