Msiwatupie Vijana Lawama ya Foleni Fupi

Kila unapokaribia uchaguzi, huku kwetu husikika hotuba moja isiyobadilika. Hutolewa kanisani, msikitini, kwenye mahafali ya shule na hata kwenye vikao vya harusi, na mtoaji wake karibu kila mara ni mtu mwenye mshahara au pensheni. Husema kwamba vijana wa siku hizi hawapigi kura kwa sababu ni wavivu, hawana uzalendo, wanajua mpira na simu tu, na kwamba enzi za wazee wao watu walikuwa wakiamka alfajiri kwenda kupanga foleni. Nimeisikia Ngara, nimeisikia Biharamulo, na nimechoka nayo. Naipinga kwa sababu naiona ni uonevu: mtu ananyimwa kitu, kisha analaumiwa kwa kutokitumia.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi, zaidi ya robo tatu ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2000 walifika asilimia 84. Mwaka 2005 wakawa 72. Mwaka 2010 wakaporomoka hadi chini ya 43. Mwaka 2015 wakapanda tena hadi 67, na mwaka 2020 wakashuka karibu na 51. Sasa namuuliza mtoa hotuba: uvivu gani huu unaokuja na kuondoka kama mafua? Watanzania walikuwa wavivu mwaka 2010, wakapona mwaka 2015, kisha ugonjwa ukawarudia mwaka 2020?

Asilimia hizi, kwanza, hupimwa kwa kugawanya kura kwa majina yaliyomo daftarini. Daftari la kudumu lilianza kuandikwa mwaka 2004, na kufika 2010 lilikuwa limezeeka pamoja na waliomo: marehemu wamo, waliohama wamo. Mwaka 2015 daftari likaandikwa upya kwa mashine za alama za vidole. Hivyo sehemu ya "uvivu" wa 2010 ni watu waliokwisha kuzikwa, na marehemu hawezi kuhimizwa kwa hotuba.

Lakini hata aliye hai, je, yupo mahali jina lake lilipo? Hapa ndipo kijana wa Ngara anapoonewa zaidi. Amejiandikisha kijijini kwao, tuseme Rulenge, kwa sababu mashine zilipopita alikuwa nyumbani. Mwaka mmoja baadaye yuko Nyakanazi anaendesha bodaboda, au Lusahunga anapakua malori yanayokwenda Rusumo, au yuko kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Biharamulo. Kuhamisha jina lake ni lazima asubiri zoezi la kuboresha daftari lipite tena, na likipita huenda yeye amekwisha kuhama mara nyingine. Siku ya kura anatakiwa apoteze mapato ya siku mbili na alipe nauli ya kwenda na kurudi. Mama yake hutembea dakika kumi hadi shule ya msingi, anapiga kura, anarudi kupika maharage. Tukiwalinganisha hawa wawili kisha tukasema mama ana uzalendo kuliko mwana, tumepima umbali tukauita tabia.

Nchi nyingine zimelitambua jambo hili zamani. Sweden mtu hajiandikishi hata kidogo. Serikali inamjua anapoishi na jina lake linamfuata. Australia imefanya kupiga kura kuwa sheria tangu mwaka 1924, na asiyekwenda bila sababu hutozwa faini. Marekani, inayojisifu kwa demokrasia, sehemu nyingi humwachia raia ajiandikishe mwenyewe kila anapohama, na hapo pia vijana, ambao ndio wahamaji, huwa nyuma ya wazee wao. Sidhani kijana wa Sweden anaipenda nchi yake kuliko kijana wa Marekani. Amewekewa mlango mfupi tu.

Daftari, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni swali ambalo mkulima hujiuliza kabla ya kushika jembe: nikilima, kitaota?

Watu wa Biharamulo Magharibi waliwahi kuona kinaota. Mwaka 2005, CCM ilipokuwa ikizoa karibu kila kitu nchini, wao walimpeleka bungeni Phares Kabuye wa TLP, na ndilo jimbo pekee ambalo chama hicho kilipata nchi nzima. Kabuye alipofariki mwaka 2009, uchaguzi mdogo ukampa jimbo Oscar Mukasa wa CCM. Mwaka uliofuata wakamwondoa, wakamweka Dk. Antony Mbassa wa CHADEMA. Mwaka 2015, mgombea urais wa CCM akiwa jirani yetu wa Chato, wakamrudisha Mukasa. Ndani ya miaka kumi jimbo moja limepita mikononi mwa vyama vitatu. Hakuna aliyehitaji kuwahubiria watu hao juu ya thamani ya kura.

Wala mambo haya hayakuanza na vyama vingi. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wapiga kura walipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenzake nyumba. Wakamwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Chama kilikuwa kimoja, lakini mtu mkubwa aliweza kulala waziri akaamka raia wa kawaida. Wazee wanaosifia foleni za zamani wakumbuke na hilo: mwisho wa foleni kulikuwa na majina mawili.

Sasa mfuateni kijana aliyezaliwa mwaka 1995. Kura yake ya kwanza ni 2015, na alikwenda. Mwaka 2019 ukaja uchaguzi wa vijiji na vitongoji, ule ulio karibu naye kuliko wote, unaoamua nani atagawa ardhi na nani atagonga muhuri. Wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa makosa ya fomu, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Sehemu nyingi hapakuwa hata na kura, kwani mgombea alipita bila kupingwa. Mwaka 2024 matokeo yakawa yale yale, asilimia 99. Kijana huyu ametimiza miaka 29, na katika uchaguzi wa kijiji hajawahi kumwona mtu akishindwa. Kisha mnamshangaa anapokwenda kutazama mpira!

Wako watakaoniambia: tazama majirani. Kweli, sisi wa Ngara hatuhitaji gazeti kuwatazama. Ukisimama Rusumo unaiona Rwanda, ukisimama Kabanga Burundi iko mbele yako. Rwanda, Julai 2024, waliopiga kura walitangazwa kuwa asilimia 98, na Rais akapata zaidi ya asilimia 99. Sina ugomvi na jirani. Nasema tu kwamba pale ambapo karibu wote wanakwenda na karibu wote wanachagua mmoja, idadi hiyo haiwezi kunieleza walichokuwa wanakitaka. Na Burundi? Juni 1993 walijitokeza karibu wote, wakamchagua Melchior Ndadaye. Oktoba mwaka huo huo akauawa na wanajeshi, na maelfu wakakimbilia kwetu. Miezi michache baadaye, Aprili 1994, Wanyarwanda robo milioni wakavuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24. Ngara tuliwapokea wote, tukajifunza kwa macho yetu kwamba foleni ndefu ya wapiga kura haimlindi mtu ikiwa wenye bunduki hawajakubali matokeo.

Wengine watasema basi kijana hajali lolote. Kenya iwajibu. Mwaka 2022 vijana wa huko walikuwa chini ya asilimia 40 ya waliojiandikisha, ingawa wao ndio wengi kati ya watu wazima, na wazee wakalalamika kama wetu. Juni 2024 vijana hao hao walijaza barabara za Nairobi kupinga muswada wa fedha, wengine wakapoteza maisha, na Rais Ruto akauondoa.

Halafu ukaja kwetu mwaka 2025. CHADEMA ilikuwa imezuiwa kushiriki na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku ya kura, Oktoba 29, vijana waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko. Intaneti ikakatwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa. Tume ikatangaza kwamba karibu asilimia 87 ya wapiga kura walijitokeza na kwamba mshindi amepata zaidi ya asilimia 97. Waangalizi wa SADC wakasema kuwa sehemu nyingi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao ya kidemokrasia.

Kwa kipimo cha watoa hotuba wetu, huo ndio uchaguzi bora kuliko yote tangu 1995, maana hakuna mwingine uliofikisha asilimia 87. Je, wako tayari kusema hivyo mbele ya mzazi aliyemzika mwanawe wiki ile? Kama hawako tayari, basi waache kupima uzalendo wa vijana kwa urefu wa foleni.

Mzee mwenzangu, mwaka 2030 hauko mbali, na hotuba yako naijua. Kabla hujaitoa, nenda kwa mtendaji wa kijiji chako umuulize majina yalikuwa mangapi kwenye karatasi ya mwaka 2019, na mangapi mwaka 2024. Kisha nenda pale Nyakanazi, uwaulize madereva wa bodaboda kila mmoja alikojiandikisha ni wapi, na nauli ya kufika huko ni shilingi ngapi.