Projekta Haina Mashetani

Karibu kila jengo la mihadhara lina projekta yenye sifa mbaya. Inawaka vizuri dakika kumi, halafu giza. Mtu anaigusagusa, inarudi. Baada ya muda rangi zinageuka, ramani ya Afrika inakuwa ya zambarau ukutani. Ukiuliza, unaambiwa "hiyo ndo zake", au "hiyo ina mashetani, inasubiri siku ya presentesheni". Tunacheka, maisha yanaendelea.

Mimi sicheki tena. Naandika kwa sababu hitilafu hii ya kuja na kuondoka inatugharimu maksi, na kwa sababu sisi tunaosomea ualimu ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa hiyo habari ya mashetani.

Tuanze na ugumu wenyewe. Mashine iliyokufa kabisa ni rahisi: fundi anaikuta imekufa, anatafuta kilichoiua. Mashine inayozimika na kuwaka yenyewe ni kama homa ya vipindi. Mgonjwa anafika zahanati homa imeshuka, anaonekana mzima. Ndiyo maana daktari mzuri anauliza: homa inaanza saa ngapi, inakaa muda gani, kabla yake ulikuwa unafanya nini? Fundi wetu akija kesho yake saa mbili asubuhi anaikuta projekta inawaka safi. Anaandika "ipo sawa", anaondoka. Saa nane mchana inazima tena, na sisi tunasema mafundi wa chuo hawafanyi kazi. Lakini nani alimwambia fundi homa inapanda saa ngapi?

Hitilafu inajieleza yenyewe kwa anayetazama. Chukua ule waya wa VGA wenye kichwa cha buluu, uliotokana na mfumo ambao IBM waliutoa mwaka 1987 na bado umejaa kwenye kumbi zetu. Kichwa chake kina nafasi ya pini 15. Pini moja inabeba rangi nyekundu, nyingine kijani, nyingine bluu, na mbili zinaiambia projekta kila mstari na kila picha inaanzia wapi. Sasa fanya hesabu. Nyekundu ikikatika, picha inabaki ya bluu na kijani. Kijani ikikatika, kila kitu kinakuwa zambarau. Bluu ikikatika, ukuta mweupe unakuwa njano. Kwa hiyo ile Afrika ya zambarau ilikuwa inatuambia kitu: inawezekana kabisa kuna pini haigusi vizuri. Na mara nyingi zile skrubu mbili za pembeni hakuna anayezikaza, waya unaning'inia kwa uzito wake, mtu akipita karibu na meza unacheza.

Waya wa HDMI una tabia tofauti. Una pini 19 na unabeba picha kwa namba, kwa hiyo rangi moja haipotei hivihivi. Wenyewe unatoa vidoti vinavyometameta, au picha inakatika yote kisha inarudi. Hauna skrubu. Ukiongeza na adapta inayoning'inia pembeni ya laptopu, umeshajua pa kuanzia.

Kuna jaribio moja halihitaji chombo chochote. Picha ikiharibika, bonyeza kitufe cha menyu cha projekta yenyewe. Ile menyu inatengenezwa ndani ya projekta, haipiti kwenye waya. Menyu ikionekana na rangi zake nzuri wakati slaidi ni za zambarau, acha kuisingizia projekta, tafuta kwenye waya au kwenye laptopu. Menyu nayo ikiwa ya zambarau, ugonjwa uko ndani, muite fundi. Picha ikipotea lakini projekta inaandika ukutani kwamba haioni kompyuta, taa yake ni nzima. Ikiwa giza kabisa, kitaa cha onyo kimewaka na feni inavuma kwa nguvu, fikiria joto: chujio la hewa limejaa vumbi, au mtu ameweka begi mbele ya tundu la kupumulia. Na kama giza linakuja baada ya dakika zilezile kila mara wakati hakuna anayegusa laptopu, huenda ni laptopu imelala kama ilivyoamriwa kwenye mpangilio wake.

Vipi kuhusu kuipiga kofi? Kweli, kofi wakati mwingine linasaidia, na ndiyo maana imani haifi. Lakini jiulize kwa nini linasaidia. Kofi linatikisa, na kilicholegea kinagusana tena kwa muda. Kwa hiyo kofi limekupa ushahidi kwamba kuna mguso uliolegea, halijatibu kitu. Ukiendelea kupiga, kilicholegea kinakatika moja kwa moja.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Sisi si mafundi, kuna ofisi ya TEHAMA." Nakubali nusu. Kufungua projekta si kazi yetu, na hatari ipo: taa inakuwa ya moto sana, umeme wa ndani ni mkubwa, na nyingi ya taa hizo zina zebaki. Lakini kukaza skrubu, kubadili waya na kuandika saa si ufundi. Ni kutazama. La pili: "Muda wa kuchunguza uko wapi wakati tuna dakika kumi na tano za kuwasilisha?" Hapo ndipo penye uchungu. Kundi la kwanza linapata projekta nzima, kundi la nne linapata giza na kuambiwa "endeleeni bila slaidi". Michoro yao hakuna aliyeiona, lakini maksi zinatolewa kwa kipimo kilekile. Hiyo si haki, na kimya chetu kinaifanya iwe kawaida.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chumba kiwe na daftari la hitilafu, limefungwa kwa kamba mezani. CR wa darasa lililotumia chumba aandike: tarehe, saa, projekta ilikuwa imewaka muda gani, laptopu ya aina gani, waya upi, picha ilikuwaje, na kitu gani kilibadilishwa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, tafadhali. Ukibadili waya, laptopu na soketi kwa pamoja, hata picha ikirudi hujajifunza kitu. Wiki mbili za daftari hilo zitamsaidia fundi kuliko malalamiko ya muhula mzima. Pili, kila idara imkabidhi CR waya mmoja uliojaribiwa na kuthibitika mzima. Tatu, serikali yetu ya wanafunzi ikae na utawala tukubaliane kwamba kifaa cha chumba kikigoma, saa ya kundi inasimama.

Kwa wenzangu wa ualimu nina neno la ziada. Tunafundishwa kila siku kumwongoza mwanafunzi aangalie, abashiri, ajaribu, aandike. Tunaziandika hatua hizo vizuri kwenye maandalio ya somo, halafu projekta ikizima tunasema ina mashetani. Kesho tutapangiwa shule, na nyingine huko hazina ofisi ya TEHAMA. Fundi yuko mjini na nauli yake ni mzigo. Pengine projekta ni moja, imetoka kwa wafadhili. Mwalimu anayeamini mashetani ataipiga kofi mara tatu, kisha ataifungia stoo juu ya viti vibovu. Anayejua kubonyeza menyu na kubadili waya ataendelea na kipindi, na watoto watauona moyo wa binadamu ukidunda ukutani.

Daftari la kaunta si bei ya kutushinda. Muhula huu tuanze na chumba kimoja, tuone.