Motokaa Si Wembe

Wazee wetu walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Kila msomaji aijua maana yake. Mtoto mkaidi, asiyesikia la mkubwa wake, na aachwe aushike wembe. Utamkata kidole, damu kidogo itamtoka, na tangu siku hiyo hatahitaji kuonywa tena. Ni methali yenye hekima, nayo imewafunza wengi. Lakini siku hizi twaisikia ikitumiwa mahali isipofaa. Kijana aliyepata leseni yake mwezi uliopita hupewa ufunguo wa motokaa yenye nguvu nyingi, na jirani akiuliza kulikoni, baba au tajiri wa gari hujibu kwamba kijana aachwe aendeshe, akigonga kidogo atajifunza. Neno hilo twataka kulichungua leo, nasi tutalichungua tukiutazama mji wa Babati, maana ni miji michache ya nchi yetu ambayo hali ya barabara zake imebadilika upesi namna ile.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha hupita Magugu, ikauingia mji kando ya ziwa lenye viboko, na kutoka hapo njia hugawanyika. Moja yaenda Singida kwa kupita Dareda na Katesh, chini ya Mlima Hanang. Nyingine yaenda Kondoa na Dodoma. Na wenye safari ya Mbulu hawana budi kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Ni sehemu ya ile barabara kuu ya kale ambayo wakoloni waliota kuitandaza toka Cape hata Cairo. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipoundwa, Babati ikawa makao makuu yake, na ofisi, mabenki na maduka yakaongezeka. Kisha mwezi wa Aprili 2018 Rais John Magufuli aliifungua barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251. Tangu hapo mtu aweza kutoka makao makuu ya nchi akafika Babati na kuendelea mpaka Arusha pasipo gurudumu lake kukanyaga vumbi.

Hayo ni maendeleo, wala hapana mwenye akili timamu atakayeyalilia matope ya zamani. Mkulima wa mbaazi na wa mpunga amefaidika. Mgonjwa amefaidika. Lakini yafaa tuone kwamba barabara ile mbovu, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa ikifanya kazi moja ambayo hatukuitambua mpaka ilipoondoka. Ilikuwa mwalimu.

Na tuwakumbuke madereva wa malori wa miaka ya 1950 na 1960. Kijana hakuanza kazi kwa kushika usukani. Alianza kuwa tanboi. Kazi yake ilikuwa kuosha gari, kujaza maji, kupakia magunia, kubadili magurudumu, na lori likishindwa mlimani kuruka chini upesi akatie gogo nyuma ya gurudumu lisirudi nyuma. Alikaa hivyo miaka. Akajua sauti ya injini iliyochoka, akajua harufu ya breki iliyopata moto, akajua kwamba mlima ule unaoupanda kwa gia nzito yakupasa kuuteremka kwa gia nzito vilevile. Dereva mkubwa alipomwachia usukani kwa mara ya kwanza, ilikuwa mahali tambarare, kwa mwendo wa pole, na yeye mwenyewe ameketi ubavuni mwake akimkemea.

Hata hivyo kijana yule alikosea, kwa maana hakuna ajifunzaye bila kukosea. Lakini makosa yake yalikuwa ya namna gani? Alilikwamisha lori kwenye tope akalala porini usiku mzima. Alivunja springi kwa kuingia shimoni kwa pupa. Aliserereka kwenye changarawe akatumbukia mtaroni, akatoka na uvimbe wa paji la uso. Alipata hasara na aibu, na matusi ya tajiri, lakini mara nyingi alirudi nyumbani. Barabara ilimwadhibu mapema, ikamwadhibu kidogo, tena ikamwadhibu mara nyingi. Huo ndio wembe wa methali.

Lami haifundishi hivyo. Lami hunyamaza. Humwacha kijana aende kilometa 80 kwa saa, naye aone ni rahisi. Aende 100, aone ni rahisi. Aende 130, na bado gari limetulia na redio yasikika vizuri. Haimwambii neno lolote mpaka siku ng'ombe watakapovuka mbele yake, au lori lililoharibika litakapokuwa limesimama gizani bila taa. Siku hiyo humwambia yote kwa mara moja.

Na motokaa zenyewe zimebadilika. Zile Land Rover za miaka ya 1950, ambazo mabwana shamba na wamisionari walizunguka nazo katika nchi hii, injini zao za petroli zilikuwa na nguvu za farasi zisizofika 80. Leo kijana wa miaka 20 huweza kununua gari kuukuu lililotoka Japani, mfano wa zile Subaru zenye turbo ambazo vijana huzipenda kwa mngurumo wake, lenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Kwa hiyo yule aliyepaswa kuwa tanboi amepewa nguvu ambazo dereva mkubwa wa zamani hakupata kuziona maishani mwake.

Watu wengi hudhani kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, hatari nayo huongezeka maradufu. Sivyo. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita meta 14 kwa kila sekunde. Liendalo 100 hupita meta 28. Sekunde moja ndiyo aitumiayo dereva kuona hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Kisha breki zenyewe, zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, hulisimamisha gari la kilometa 50 baada ya meta 14 hivi nyingine, lakini gari la kilometa 100 zitahitaji meta 56 hivi. Mwendo umezidi mara mbili, umbali wa breki umezidi mara nne, na ndivyo pia kishindo cha kugonga. Jumla ni meta 28 kwa yule wa kwanza na meta 84 kwa yule wa pili. Mtoto wa shule aliye meta 50 mbele atampisha wa kwanza, na atauawa na wa pili. Hakuna ushujaa wala wepesi wa mikono uwezao kuibadili hesabu hiyo.

Hapo ndipo methali ya wembe inapovunjika. Wembe humkata aliyeulilia. Motokaa haichagui. Barabara ya Babati si ya wenye magari peke yao. Yuko mama atokaye mnadani na mzigo kichwani, yuko mchungaji wa Kibarbaig au wa Kimasai na mifugo yake, yuko kijana wa bodaboda na abiria wake, na kule Kwakuchinja wako hata wanyama wa porini wanaovuka kati ya Tarangire na Manyara kama walivyovuka kabla barabara haijakuwapo. Hao wote hawakulilia wembe wowote. Taifa letu lalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu wetu, Edward Sokoine, aliuawa katika ajali ya barabarani pale Dakawa, Morogoro. Hakuwa yeye aliyeshika usukani. Na tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto wale walikuwa wamekaa tu katika viti vyao.

Wako watakaosema kwamba ajali haina kinga. Twawaheshimu wasemao hivyo wakiwa msibani, maana ni neno la kumfariji aliyefiwa. Lakini kabla ya msiba si neno la faraja, ni kisingizio. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni kote, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua zaidi ya barabara. Kama ajali isingekuwa na kinga, idadi ingekuwa sawa katika nchi zote. Haiko sawa. Nchi zilizojitahidi zimepunguza vifo, na nchi zilizolegea zimevizidisha.

Wengine watasema kwamba ajali ndogo humfanya kijana awe na adabu. Mara nyingine ni kweli, lakini kwa sharti moja: kwamba aambiwe kwa nini ilitokea. Tuonavyo sisi, ajali ndogo nyingi hufichwa. Kijana akilikwaruza gari la tajiri hukimbilia kwa fundi, akalipa kimya kimya, kwa kuogopa kukatwa mshahara au kufukuzwa. Somo hupotea pale pale. Tena lipo baya kuliko hilo. Yule aliyelipita lori kwenye kona akaponea chupuchupu hajifunzi kwamba alikosea. Hujifunza kwamba yeye ni hodari. Akiponea mara tatu hujiita bingwa. Mara ya nne hukuta basi.

Ubingwa wa kweli tuliuona katika mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, yakapita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano hayo, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 vilevile walimaliza 7. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404, gari la kawaida lililokuwa likibeba abiria na mizigo kila pembe ya Afrika ya Mashariki. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Watu hao walishinda kwa sababu walijua mahali pa kupunguza mwendo. Kijana apendaye mbio na ajifunze kwao jambo hilo kwanza.

Basi tufanye nini? Hatusemi vijana wanyimwe magari. Udereva ni kazi, na vijana wetu wanahitaji kazi. Twasema kwamba, kwa kuwa barabara nzuri imetuondolea makosa madogo, yatupasa tuyarudishe kwa makusudi, mahali ambapo hayaui mtu.

Kwanza, sheria. Utaratibu wetu wa leseni umekwisha kukubali kanuni hii kwa sehemu. Pikipiki zimegawanywa kwa ukubwa wa injini, zile za chini ya sentimeta za ujazo 125 mbali na zile zinazozidi hapo. Lakini katika gari dogo la mtu binafsi hakuna mgawanyo kama huo: kijana wa miaka 18 aliyefaulu mtihani leo huruhusiwa kuendesha gari la nguvu yoyote kesho. Twaona hilo ni pengo. New Zealand iliweka mwaka 1987 leseni ya ngazi tatu, ambayo dereva mpya hupitia kipindi cha masharti: asiendeshe peke yake usiku wa manane, asibebe wenzake bila mkubwa mwenye uzoefu ndani ya gari. Nasi twaweza kutunga masharti yatufaayo, na nguvu ya injini iwe mojawapo.

Pili, mafunzo. Kujifunza kwenye kiwanja tambarare si kujifunza nchi ya Manyara. Kijana na apelekwe kwenye mteremko wa Magara au ule wa Dareda, mwalimu akiwa ubavuni, afundishwe kuteremka kwa gia nzito, aone breki zinavyopata moto. Afundishwe kusimama ghafla katika mwendo mdogo, mahali pasipo na watu, ili mguu wake ujue mapema lile ambalo akili hulikumbuka kwa kuchelewa.

Tatu, wenye magari. Mfanyabiashara wa Babati amkabidhiye kijana mgeni Fuso lililojaa magunia, na kumwambia awe Arusha kabla ya alfajiri, hana haki ya kushangaa asubuhi akipigiwa simu ya polisi. Amrudishie kijana huyo miezi ya utanboi. Na akikwaruza gari, asimfukuze kwanza; amwite, amwulize ilikuwaje, kisha habari hiyo iwe somo kwa madereva wote. Tajiri aadhibuye kila kosa dogo hujijengea ghala la makosa makubwa yaliyofichwa.

Nne, wazazi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa lami hautoi onyo la pili. Baba aliyejaliwa mali, akataka kumfurahisha mwanawe, na amnunulie gari hafifu. Gari hafifu halina aibu. Likizimika mlimani kijana atajifunza klachi. Likishindwa kulipita lori atajifunza subira. Miaka miwili ya subira si mingi katika umri wa mtu.

Askari wa usalama barabarani tunawaomba kazi ambayo sheria imekwisha kuwapa: mwendo wa kilometa 50 mjini uwe 50 kwa kila mtu, kwa mtoto wa mkubwa na kwa mtoto wa mkulima. Faini isiyotozwa ni ruhusa.

Wazee hawakukosea waliposema mtoto apewe wembe. Walikijua kipimo cha wembe, na walijua kwamba kidole hupona. Sisi tumeutia mikononi mwa watoto wetu mzigo wa chuma wa tani moja na nusu na nguvu za farasi 200, tukawapa kilometa 251 za njia laini, kisha twawangoja wakosee ili wajifunze. Anayemkabidhi kijana ufunguo leo jioni na ajiulize kwanza: likitokea kosa la kwanza, nani atakayelilipa?