Midoli ya watoto? Watoto gani?

"Tumshukuru pia yule kijana wa midoli kwa kutuchangamshia watoto. Sasa tuingie kwenye mambo ya msingi."

Hayo ni maneno ya mgeni rasmi, Jumamosi iliyopita, kwenye mahafali ya darasa la saba huku kwetu Engutoto, Arusha. Mambo yenyewe ya msingi yalikuwa hotuba ya dakika hamsini aliyoisoma akitafuta mstari kwa kidole. Alitakiwa kufika saa nne. Alifika saa saba na robo, na bado tulisimama kumpigia makofi. Kuna siku nitaandika juu ya wageni rasmi na saa zao. Leo nina ugomvi mwingine.

Ngoja nieleze kilichotokea dakika chache kabla hajashika kipaza sauti, maana yeye muda wote huo alikuwa ameinamia simu.

Kijana alifunga shuka la kimasai kati ya nguzo mbili za turubai, akajificha nyuma yake na mfuko wa salfeti. Akachomoza Koko. Bibi wa Kiarusha kabisa: kichwa cha maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa ngano, shanga masikioni, mdomo wa mpira wa katambuga uliokatwa vizuri ukawa unafumba na kufumbua, ulimi wa ndala nyekundu. Koko kakopa kausha damu. Siku ya marejesho imefika, hana kitu, na mdai yuko mlangoni na daftari lake.

"Hodi! Koko yupo?"

"Hayupo."

"Sasa nani anaongea?"

"Marehemu."

Watoto walicheka hadi viti vya plastiki vikaanguka. Mdai akaingia ndani, akaanza kubeba. Alibeba redio, wakacheka. Alibeba mtungi wa gesi, wakacheka. Alipolikunja godoro na kulitia begani, watoto walikuwa bado wanacheka, lakini nyuma yangu, kwenye safu za kina mama, kicheko kilikatika ghafla. Mama mmoja alikuwa ameinama, anakunja kona ya khanga yake, anaikunjua, anaikunja tena. Koko akabaki peke yake. Akageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, akiangalia chumba kisicho na kitu. Kisha akaiangalia mikono yake.

Maboksi na mpira wa tairi! Nimeangalia tamthilia zetu za kila jioni miaka mingi, watu wazima wenye nyama na damu wakilia machozi ya kubanwa, na sijaona hata mmoja aliyefika pale Koko alipofika bila hata kuwa na macho yanayofumba.

Halafu mtu anasimama anasema kijana kachangamsha watoto. Watoto gani, mheshimiwa? Watoto wa shule wanadaiwa marejesho? Watoto wa shule wanajua uzito wa godoro linalotoka nyumbani kwako begani mwa mtu mwingine?

Mambo ya watoto hayamtishi mtu mzima. Kipime kitu kwa hicho kipimo. Hakuna serikali iliyowahi kumkamata mtu kwa kucheza kombolela. Lakini Josef Skupa, Mcheki wa mji wa Plzeň, alikamatwa na Wanazi mwaka 1944 akatupwa gerezani Dresden, na kazi yake ilikuwa midoli: baba mmoja mgumu wa kuelewa, Spejbl, na mwanawe mjanja, Hurvínek. Alitoka gerezani kwa sababu mabomu ya Februari 1945 yalilivunja. Jeshi lililoimeza nusu ya Ulaya halikumwacha mtu wa mti uliochongwa pua. Mnasema ni wa watoto? Misri, Januari 2014, waendesha mashtaka walifungua uchunguzi juu ya tangazo la kampuni ya simu kwa sababu ndani yake alikuwamo mdoli, mama mjane aitwaye Abla Fahita, na mtu mmoja alidai kuwa maneno yake yalikuwa mafumbo ya kigaidi. Wamehangaika na mdoli! Wa watoto, eti.

Hata jina jingine la mdoli, kikaragosi, linawasuta. Kikaragosi ni Karagöz, mdoli wa kivuli wa Waturuki, mropokaji aliyekuwa akiwasema wakubwa wa Istanbul kwenye migahawa ya kahawa usiku wa Ramadhani, na waliokaa pale kumsikiliza walikuwa wanaume wenye ndevu zao. Neno limesafiri mpaka kwetu, tukalivua meno, tukalipeleka chekechea.

Wala msiniletee ile hadithi kwamba ni mambo ya Wazungu. Nendeni Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, muulize Wasukuma. Bagika na Bagalu waliposhindana kwa ngoma baada ya mavuno, mshindi ndiye aliyevuta watu wengi upande wake, na miongoni mwa vya kuvutia watu vilikuwamo vinyago vya mti vyenye mikono inayochezeshwa. Hayo yalikuwa mashindano ya watu wazima, yenye dawa na heshima ya ukoo ndani yake. Leo vinyago vya namna hiyo viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kibao chini yake mara nyingi kinasema tu: Wasukuma, Tanzania. Kinyago kina kabila, hakina fundi. Tunawalaumu wakoloni kwa hilo, na Jumamosi mshereheshaji wetu wenyewe, mzaliwa wa hapahapa, kamwita msanii "yule kijana wa midoli" mara nne.

Wajapani wana midoli yao ya Bunraku, mmoja anashikwa na watu watatu: wa kichwa na mkono wa kulia, wa mkono wa kushoto, wa miguu. Anayeanza hupewa miguu, na anaweza kukaa na miguu miaka kumi. Yoshida Minosuke alianza akiwa mtoto, akatangazwa na serikali kuwa hazina hai ya taifa mwaka 1994, akaweka mdoli chini mwaka 2021 akiwa na miaka 87. Kwa jina lake. Sisi hazina zetu tunazipa soda na sahani ya wali karibu na jiko.

Na wetu akitoka, anatoka kweli. Gado, Godfrey Mwampembwa, kazaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaachana na masomo ya usanifu majengo, akahamia Nairobi. Mwaka 2009 akawaletea Wakenya XYZ Show, kipindi cha midoli, Kibaki na Raila wa mpira wakigombana luningani. Nairobi ni kilomita 270 hivi kutoka hapa. Ukimuuliza mtu wa Arusha Gado ni nani, akijitahidi sana atakwambia mchora katuni.

Nilipoyasema haya mezani wakati wa chakula, bwana mmoja aliyekuwa anashindana na paja la kuku aliniuliza, "Kwani ulishaona mtu kaoa kwa pesa ya midoli?" Hii ndiyo hoja yao kubwa, na niliifurahia. Bwana yule alikuwa amevaa fulana ya hakuna matata, maneno ambayo hapa mjini wanaambiwa watalii tu, na ambayo Disney waliyasajili kwa ajili ya fulana mwaka 2003. Simba wao wa filamu yenye maneno hayo, na Pumbaa wake, alipandishwa jukwaani New York mwaka 1997 na mwanamke aitwaye Julie Taymor, kwa kutumia nini? Kwa midoli! Mwaka 2013 igizo hilo likawa la kwanza pale Broadway kuvuka mapato ya dola bilioni moja. Ndugu yangu, kwa pesa hiyo utaoa Engutoto yote mpaka Ngaramtoni.

Turudi kwenye mahafali. Baada ya Koko alipanda msanii wa bongofleva aliyealikwa. Jina lake lilitajwa kwa kelele, likarudiwa. Alifanya pleibeki. Nyimbo tatu mdomo wake ulifuata sauti iliyotoka kwenye kompyuta, na mara mbili ulichelewa. Wakamtuza, noti zikabandikwa kwenye paji la uso. Kama siku ile kulikuwa na mdoli chini ya turubai lile, hakuwa nyuma ya shuka.

Nilimfuata kijana kituoni, akisubiri kifodi cha kwenda mjini, Koko kichwa chini ndani ya salfeti. Nikamwambia nataka jina lake kamili, nalitoa gazetini, herufi kubwa, liwe la kwanza. Alifurahi sana, akaanza kulitamka. Halafu akasita, akaangalia huku na huku barabarani.

"Braza, lile igizo sikulitunga," akasema. "Wale jamaa wananitafuta kweli. Andika Koko. Yeye hadaiwi."